Vikohozi vya Langoni

Kila asubuhi Elina alipopanda kilima cha Wazungu pale Singida kufua nguo za Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kikohozi chake kiliishia langoni, kwenye mawe yaliyopakwa chokaa. Hakikuwa na kibali. Kilikaa chini pamoja na homa ya mtunza bustani na kuhara kwa Alute mpishi, kikangoja. Jioni kengele ya kuwashusha watumishi ilipolia, kila mtu alichukua chake akateremka nacho bondeni.

"Chako leo kimenichosha, mama Dorika," askari Kefa alimwambia. "Kimekohoa kama karani anayetaka kuongezwa mshahara."

"Nisamehe, kaka. Hakikufundwa."

Kule juu maji yalitoka kwenye tangi na madirisha yalikuwa na wavu. Memsabu, mke wa Bwana Shauri, alikuwa rika moja na marehemu mama yake Elina, na bado alicheza tenisi. Bondeni watu walikunywa kwenye dimbwi moja na ng'ombe, wakalala kwenye tembe zenye moshi.

Dorika, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, alianza kukohoa hadi mbavu zikahesabika. Elina akaomba kumleta. Memsabu akakataa, akasema watoto wa watumishi wataleta magonjwa.

"Magonjwa yanabaki langoni, Memsabu."

"Hata hivyo."

Basi akamficha ndani ya kapu la mkaa wa pasi. Kefa akatazama kando. Kikohozi cha mtoto kikadondoka langoni, na mchana kutwa Dorika akakaa nyuma ya tangi, masizi hadi kope, akila ukoko wa Alute na kucheka. Elina hakuwahi kukisikia kicheko chake chote. Siku zote kilikatika katikati.

Kengele ikalia.

"Alale kibandani kwako, kaka," Elina alimsihi Kefa.

"Kibanda changu kiko nje ya lango, mama Dorika."

Wakatoka. Kikohozi kilichoshinda juani bila mwenyewe kilimrukia mtoto kama ndama aliyefungiwa mbali na mamaye. Dorika hakufika bondeni akiwa hai.

Walipokwisha kuzika, Elina alirudi kufua. Memsabu alikuwa amelalamikia kelele, kwa hiyo wafungwa walikuwa wakijenga banda la nyasi chini kidogo ya lango, vikohozi vikae huko.

Jioni Kefa akamwonyesha vikohozi viwili, chake na kidogo kilichorudi langoni peke yake.

"Hiki kidogo hakina mtu. Nikifanyeje?"

Elina akakibeba mgongoni, akakaza kaniki yake, akateremka. Njia nzima kilikohoa taratibu, naye akakibembeleza.