Pini kwa Pini

Mwalimu wa udereva na shemeji yake, mpiga picha, walikuwa watu wa salamu tu. Ugomvi haukuwepo; mazungumzo ndiyo hayakuwepo. Kilichowakutanisha ni kompyuta ya mke wa mwalimu, ambaye ni dada wa mpiga picha. Mama huyo huchora ramani za nyumba, na mashine yake ilikuwa hoi. Mchoro wa ghorofa ulichukua muda kufunguka hata yeye akaenda zake kufua.

Kila mmoja akapania kumfurahisha kivyake. Mwalimu alinunua ubao mama, ile bodi pana inayobeba vifaa vyote vya kompyuta. Aliposikia kwamba shemeji amenunua prosesa, yaani ubongo wenyewe, aliona mambo yamejipa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amechukua ya aina gani.

Jumamosi, mama akiwa kwa mteja, walitandika shuka kwenye meza ya kulia wakaanza. Mwalimu alifungua soketi, pale prosesa inapokaa, akakuta pini nyembamba kama nywele. Mpiga picha akaigeuza prosesa yake. Chini nako pini tupu.

"Pini kwa pini," akasema. "Sasa hapa nani anamwingia nani?"

Mwalimu hakucheka. Aliona anaambiwa kanunua takataka, tena ndani ya nyumba yake. Akasema labda inataka kukandamizwa kidogo, akaiweka.

"Shem, usisukume."

Akasukuma. Ukasikika mlio mdogo, kama mtu amekanyaga mchanga. Walipoiinua, prosesa ilikuwa imepinda pini moja tu, na mpiga picha aliinyoosha taratibu kwa wembe. Za kwenye ubao zilikuwa zimelaliana ovyo. Hazikuwa za kunyooshwa.

Mwalimu akasema, "Kesi hii ni yangu. Nisindikize dukani."

Njiani ulimi ukamlegea. Alikiri kwamba tangu harusini alidhani shemeji anamdharau. Mpiga picha akashangaa. Yeye humkwepa kwa aibu, kwa sababu alijifunza gari kwa mwalimu mwingine akafeli mara mbili, na hakutaka jambo hilo lijulikane ukweni. Mwalimu alicheka mpaka wapita njia wakageuka.

Dada wa dukani alisoma jina lililoandikwa kwenye prosesa, akaleta ubao ambao soketi yake ina jina hilohilo, yenye vitundu badala ya pini. Lakini hakuufungasha bado. Aliwaeleza kwamba kulingana kwa soketi hakutoshi, akafungua ukurasa wa mtengenezaji. Kumbe ubao ule ungeitambua prosesa yao iwapo tu utawekewa programu mpya ya kuwashia kompyuta. Akauwekea hapohapo kwa flashi.

Nyumbani, prosesa iliingia yenyewe bila kuguswa mara ya pili. Mama alirudi akawakuta wamepiga magoti, wanatafuta skrubu iliyodondoka. Mwalimu alimweleza habari ya ubao ulioharibika kabla shemeji hajafungua kinywa.

"Na mimi mwenye kompyuta," mama akauliza, "kuniuliza mliona tabu?"

Akaiwasha kompyuta. Akafungua mchoro, ukatokea akiwa bado amesimama. Akavuta kiti, akawaambia waondoe shuka lake na wakapike. Mpiga picha alikula pale jioni ile, bila kubembelezwa.