Neno Lililoandikwa Juu ya Mlango

Kwa miaka kumi na moja kibao cha fundi cherehani mmoja kilisomeka NICE FASHION, kwa herufi za bluu, na hakuna aliyekiulizia. Mumewe ndiye aliyelichagua neno nice, akimwambia kwamba maana yake ni nzuri, ya kupendeza.

Balaa lilianzia kwa jirani yake wa ng'ambo ya barabara, fundi suti asiyejua kufunga mdomo. Alipata mahali kamusi kubwa ya Kiingereza, akasoma kwamba nice lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa, na lilipoingia Kiingereza zamani hizo lilimaanisha mjinga. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba yule mama anashonea kwenye duka la Mitindo ya Wajinga. Mama wa bibi harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akisingizia safari.

Hapo ndipo fundi cherehani alipokereka. Utani aliuzoea, ila gauni la harusi si la kuchezea. Akavua futi ya kupimia shingoni, akafunga duka saa nne asubuhi, akaenda maktaba.

Mkutubi, mzee asiyependa kuharakishwa, alitoa kamusi yenye historia za maneno, akamfasiria mstari kwa mstari. Ni kweli, neno lilianza na ujinga, lakini halikukaa huko. Baadaye likawa la mtu mwenye haya, kisha la mtu anayechagua sana, asiyeridhika na kitu cha ovyo. Kisha likawa la kazi iliyopimwa barabara. Uzuri wenyewe ulikuja mwisho.

"Kwa hiyo jirani yangu aliishia mstari wa kwanza," alisema fundi.

Mkutubi alikubali. Fundi akafikiri kidogo, akamwomba amtafutie na neno lililo kwenye mlango wa jirani huyo: smart. Mzee akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Asili yake, alisema, ni kuuma; maumivu makali ya kuchoma.

Fundi aliyanakili yote mawili kwenye karatasi. Alivuka barabara akaisoma mbele ya fundi suti na wateja wake wawili, kwa sauti ya kawaida, bila kutia chumvi. Mteja mmoja, aliyekuwa akijaribu koti jipya, alijishika kwapani, mahali lilipombana.

"Ndiyo maana," akasema.

Fundi suti alicheka kuliko wote, ingawa alichelewa kuanza. Jioni alikwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi kusafisha alichochafua, na kesho yake kitambaa kilirudi, kimejaa makunyanzi ya kufichwa kabatini. Gauni lilichukua siku sita. Bibi harusi alipolijaribu mbele ya kioo hakutaka kulivua. Ilibidi mama yake amkumbushe kwamba harusi bado wiki mbili.