Pilau Isiyoonjwa

Bwera nzima ilijua kwamba Rehemah, mama wa biashara kutoka Kasese, alikuwa amekwisha kuwakataa wasichana wawili kwa ajili ya mwanawe Shafic. Wa kwanza, wali wake ulishikana. Wa pili, wali wake haukushikana vya kutosha. Ijumaa ile ya Ramadhani alikuwa anakuja kufuturu kwa wa tatu, Naimah, ambaye alimpenda Shafic hasa, maskini, kana kwamba kijana hakuwa na mama.

Mama yake Naimah alikuwa Kisinga akimwuguza dada yake. Kwa hiyo msichana alimwita jirani, Koko Geneviève, bibi Mkatoliki wa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, awe ulimi wake, maana mwenyewe alikuwa amefunga. Ndiyo kazi yao ya mwezi mzima: Naimah akipika, Koko akionja. Koko aliacha vijiko vyake nyumbani, maana nguruwe alishapita humo, akanawa mikono mara mbili bila kuombwa.

Simu iliegemezwa kwenye dumu la maji, ikicheza video ya mapishi, ikiamuru zafarani, zabibu kavu, maziwa mgando na vijiko viwili na robo vya hiki na kile.

"Zafarani," Koko alisema. "Tuulize wale ba kubadilisha pesa pale mupakani. Beko na dola, zafarani haiwezi kukosa."

Nyama ya mbuzi ilipoanza kulainika, simu ikafika pale ambapo zote hufika: onja chumvi, urekebishe. Naimah akamnyooshea Koko kijiko. Koko akakipokea, akakitazama, akakirudisha.

"Leo iko siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ya Kwaresima, mutoto wangu. Nyama sigusi, hata muchuzi yake."

Wakatazamana. Dini mbili kubwa za dunia zilikuwa zimekutana jikoni, na hakuna hata moja iliyokuja na ulimi.

"Basi nimeachika," Naimah alisema, akikaa juu ya kinu, "hata kabla sijaolewa."

"Pua nayo inafunga? Masikio je? Zima hiyo kitu."

Naimah akaizima simu. Koko akamfumbisha macho asikilize vitunguu: vikipiga kelele bado vina maji, vikinong'ona vimeiva. Akamwonyesha kusugua mchuzi kati ya vidole, kusikia kama unanata. Mwanzoni msichana alichungulia kwa jicho moja. Kisha akaponda iliki, akanusa, akatikisa kichwa, akaongeza mdalasini. Bila kutumwa na mtu, akakamulia humo matunda mawili ya marakuja yaliyokuwa kwenye kapu. Akaanza kuimba puani.

"Umetia nini?"

"Sijui, Koko. Sufuria imeniomba."

Koko akarudi kuchochea moto. Hakuona sababu ya kumharibia mtu furaha kwa ushauri.

Magharibi ilipoingia, Rehemah alikula tende, akasali, akavuta sahani. Alitafuna kama afande anayekagua gari.

"Nani ameonja hii?"

Naimah angeweza kusema uongo. "Hakuna, Mama. Mimi nimefunga, na Koko leo hali nyama."

"Na vipimo?"

"Hakuna pia."

Rehemah akaomba chumvi, akanyunyiza kwenye sahani yake. "Imepungua," alisema. Akaimaliza. Akapakua ya pili, akanyunyiza, akalalamika, akaimaliza nayo. Sahani ya tatu aliilalamikia zaidi ya zote, na hakubakiza punje.

"Jumapili uje kwangu Kasese," alimwambia Naimah, akifuta vidole. "Shafic atakuchukua. Utapika bila simu."

Kisha akapakua kwa mkono wake sahani nyingine, hii bila kuinyunyizia chumvi, akaifunika, akamsogezea Koko. "Hii yako ya kesho, Mama. Binadamu hawezi kushiba harufu."

Jumamosi asubuhi, hata kahawa bado, Koko Geneviève akaifunua. Wali ulikuwa umepoa. Akaonja, akatafuna polepole, akaonja tena.

Chumvi ilikuwa sawasawa kabisa. Akacheka peke yake jikoni. Mama mkwe naye ni mtu, lazima apate kasoro ya kushikilia.