Taya la Donatus

Koleo lilimpata Donatus shavuni, na Masalu alisikia mfupa ukivunjika kabla hajatambua kwamba aliyelishika ni yeye. Walikuwa wakigombea zamu ya kushuka shimoni, jambo la kila siku kwenye machimbo yao nje ya Runzewe. Donatus alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Asteria, na ndiye aliyemwingiza kwenye kazi ya dhahabu. Sasa alikuwa amepiga magoti, damu ikimchuruzika mdomoni pamoja na meno mawili.

Masalu akanyanyua koleo tena.

Wachimbaji wakamvaa. Walimpiga mateke, mawe na mipini ya sururu mpaka akazimia. Polisi walifika mchimbaji mmoja akiwa ameshaleta petroli ya kumchomea.

Kwenye kituo cha afya Masalu alifungwa pingu kitandani, na tabibu Violeth akamshona kichwa.

"Bangi hiyo, dada," askari alisema. "Ukimaliza tumpeleke ndani."

Violeth alikata uzi wa mwisho. Asubuhi yake alirudi kumpima mapigo ya moyo. Mia na arobaini, na mtu ametoka usingizini.

"Umeanza kukonda lini?"

"Tangu masika. Nakula sahani tatu, nyama hainishiki. Joto linanitesa. Hasira ikipanda sioni mbele." Masalu aliteremsha sauti. "Mke wangu nilimvunja mkono. Amekimbilia kwa dada yake, huko Ngokolo."

Violeth alimwambia anyooshe vidole, akalaza karatasi juu yavyo. Ilitetemeka mpaka ikaanguka. Kisha akamgusa shingoni.

"Meza mate." Chini ya vidole vyake uvimbe laini ulipanda na kushuka. "Nadhani ni tezi ya shingo. Inamwaga homoni kupita kiasi, ndiyo maana mwili wote unakwenda mbio. Damu yako itapimwa Mwanza."

Majibu yalikuja kama Violeth alivyodhani. Huko mahabusu Masalu aliletewa vidonge vya kutuliza moyo na vya kuizuia tezi, akaonywa kwamba akipata homa au koo likimuuma, aseme siku hiyohiyo, kwani dawa hiyo huweza kushusha kinga ya mwili. Miezi miwili baadaye mashavu yalijaa na mikono ikatulia. Usingizi ulirudi, na ndani yake Masalu akawa anausikia ule mfupa.

Violeth alipokuja kumpima, Masalu alimwuliza, "Utaniandikia kwamba ulikuwa ugonjwa?"

"Nitaandika ulikuwa mgonjwa. Ninao wengine wenye tezi kama yako, hawajavunja mtu."

Mahakamani Donatus alikuja na mdomo uliopinda. Mpaka siku hiyo alikuwa akiishi kwa uji. Hakimu alisoma barua ya Violeth, akamwuliza mshitakiwa kama ana la kusema.

"Nilimpiga, mheshimiwa. Na wangeniacha ningempiga tena."

Alihukumiwa miaka miwili, na hakimu akaagiza dawa zisikatizwe gerezani. Akitolewa nje, Masalu alisimama mbele ya Donatus.

"Shemeji."

Donatus aliitazama mikono ile iliyotulia ndani ya pingu, kisha akageuzia uso dirishani. Askari akamvuta Masalu, wakaenda.