Samaki Ambao Waithira Hakuwashika

Waithira, jirani yangu, alikuwa na mikono ya kusuka viondo, vile vikapu vya kamba vya kwetu, niliyoionea wivu waziwazi. Vidole vilikwenda huku mdomo ukisengenya, wala hakukosea mshono. Mwaka huo wa 1974 alikuwa akimsukia bintiye Ngendo kiondo cha harusi. Kwetu, mama ndiye humsukia binti kiondo cha kwenda nacho kwa mumewe. Cha kununua soko la Karatina ni aibu.

Alifanya kazi katika hoteli moja mjini Nyeri. Nyumbani alisema anafua mashuka, na kweli alifua. Lakini meneja alikuwa pia amemkabidhi tangi la kioo la pale mapokezi, lenye samaki wadogo wa rangi rangi waliowafurahisha wageni. Kila wiki alitumbukiza mkono hadi kiwiko, akisugua utando wa kijani. Siri hiyo niliijua mimi tu. Alimwogopa mama mkwe wake, Watiri, mama wa kanisa, ambaye kwake samaki na nyoka walikuwa ndugu. Wakikuyu wengi wa rika lake hawakula samaki. Waithira aliamini kwamba siku siri itakapotoka, bibi kizee hatagusa tena chakula chake.

Siku moja ukingo wa tangi ulimchubua kidole cha shahada, mkono wa kulia. Baada ya wiki kadhaa pakaota kivimbe cha zambarau kisichouma sana, kisha kingine juu ya kiganja, kingine karibu na kiwiko. Watiri akasema ni mwiba wa ua, akampaka mafuta ya kondoo. Vivimbe vilipokataa kusikia dawa, akampeleka mwenyewe kwa daktari Wasike, mtu wa magharibi mwa Kenya, akaketi kando yake humo chumbani.

Wasike aliugeuza ule mkono, akauliza, "Mama, hakuna mahali unashikanga samaki? Ama maji ya samaki?"

Waithira akamtazama mkwewe. "Samaki? Mimi? Daktari, sisi hatushikangi hiyo kitu."

Daktari akamwamini, akaandika sindano za jipu.

Jioni aliponisimulia nilimfokea. Nilimwambia mficha uchi hazai, arudi kesho peke yake akaseme ukweli. Akaninunia mwezi mzima, na tangi akaendelea kuliosha. Mungu anisamehe, hata sasa nikikumbuka ile nuno yake nakasirika upya, kisha nalia.

Kidole kilivimba, kikakakamaa. Wasike akakata kipande cha nyama, akakipeleka Nairobi kupimwa. Kulikuwa na kijidudu cha maji ya samaki, jamaa ya kile cha kifua kikuu. Waithira alimeza vidonge kwa miezi mingi na vivimbe vikanywea, lakini mshipa wa kukunjia kidole ulikuwa umekwisha kuliwa. Kilibaki kimenyooka, hakikunjiki, na kusuka kukamshinda. Daktari alisema wangeanza mapema kingepona.

Siku hiyo, mbele yangu, alimweleza Watiri kila kitu, akilia.

Bibi kizee akamgeukia. "Ati ulikuwa unaogopa mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi huwa nakula samaki huko Kiganjo, kwa Nasirumbi, bibi ya polisi. Kila nikipeleka mayai. Halafu naoshanga mikono na ndimu, ndio wewe usisikie harufu."

Nilingoja mmoja wao acheke. Waithira aliutazama mkono wake tu. Watiri akakivuta kile kiondo cha harusi kilichofika nusu, akajaribu kuendelea pale mwenzake alipoachia, lakini macho yake yalikuwa ya kizee na nyuzi zikamsumbua. Alifumua, akasuka, akafumua tena.

Harusi ikafika kabla hajamaliza. Ngendo alikwenda kwa mumewe na kiondo cha kununua Karatina, na mama yake akamkabidhi hicho kwa mkono wa kushoto, wa kulia akiuficha.