Jiwe Lililong'aa Kupita Kiasi

Ofisini walimwita Kabebwa. Hawakumwita hivyo usoni, lakini vyumba vile vilitengwa kwa mbao nyembamba na maneno yalipita. Mjomba wake alikuwa mkuu wa wanajiolojia, ndiye aliyemwingiza kazini, na watu hawana dogo. Mjomba mwenyewe hakuna aliyemsema. Hata wasiompenda walikubali jicho lake: akisema mwamba una mafuta, una mafuta.

Kwa hiyo gari lilipoleta kipande cha mwamba kilichojaa matope kutoka kisima cha kutafutia mafuta, na Mjomba akapiga simu kutoka hukohuko kwamba kiandaliwe kwa kikao cha wakurugenzi, Kabebwa aliapa kitang'aa.

"Sugua kwa maji na brashi tu, mama," Mjomba alimwambia. "Matope yatoke, basi."

Matope yalitoka. Lakini mwamba ule wa volkano ulikuwa na madoadoa meupe mwili mzima, yakamkera. Akajifungia maabara peke yake na chupa ya asidi. Jiwe likatoa povu, madoa yakaisha, vikabaki vitundu vyeusi vya kupendeza. Akajipongeza! Kitu alichofundishwa darasani, tena akakifanyia mtihani, kiherehere kilikifuta chote.

Mjomba aliingia kikaoni moja kwa moja kutoka safarini, buti zimejaa vumbi. Alipoliona jiwe, uso ukachanua.

"Waheshimiwa, tazameni. Lava ikipoa, gesi iliyomo huacha vitundu kama vya mkate. Mafuta hukaa humo. Shida ni kwamba baadaye maji ya moto hupita chini kwa chini, yakaacha chokaa na kuziba kila kitu. Sasa hili halikuzibwa! Hamisheni mtambo, tuchimbe kisima cha pili."

Chokaa. Hapo ndipo Kabebwa alipolikumbuka lile somo. Yale madoa meupe ndiyo yalikuwa chokaa yenyewe, na yeye aliyayeyusha kwa mikono yake. Mkurugenzi alikuwa ameshatoa kalamu. Neno moja tu lilitakiwa, "Ngojeni." Alifungua mdomo, akawaza watakavyomcheka nyuma ya zile mbao, akaufunga.

"Na ndani muone," Mjomba alisema kwa furaha, akishika nyundo. "Vitundu peke yake havitoshi, lazima viwe na nyufa za kuviunganisha, la sivyo mafuta hayatembei."

Akagonga. Jiwe likapasuka katikati. Ndani kulikuwa kweupe, vitundu na nyufa zake vyote vimezibwa.

Mjomba alivigeuza vile vipande, akavinusa. Kisha akatazama mikono ya mpwa wake, ambayo ncha za vidole vyake zilikuwa zimebabuka. Kabebwa akaificha chini ya meza. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nani aliliosha hili?" mkurugenzi aliuliza.

"Mimi," alisema Mjomba. "Kulekule kisimani, kabla ya kulituma. Nililitia asidi, nikajidanganya mwenyewe. Mtambo usihamishwe. Mwamba huu hauna kitu."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mkurugenzi alirudisha kalamu mfukoni taratibu.

"Mzee wangu, umechoka. Kubali tu." Akageukia upande wa pili wa meza. "Binti, kuanzia leo sampuli zote zitapita kwako. Angalau wewe macho yako bado mazima."

Wote walimtazama. Mjomba naye alimtazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwepo, pengine Kabebwa angeweza kusema ukweli.

"Asante, mkurugenzi," Kabebwa alisema.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mjomba.