Samahani, Nawatangulia

Mwalimu Kuzuhara Sanae alikula mkate wake wa asubuhi saa kumi jioni, amesimama, mkono mmoja ukisahihisha insha. Meza ya jirani yake ilikuwa tupu, imewekwa maua meupe ya msiba. Ilikuwa ya Mwalimu Hizume wa hisabati, aliyefariki Februari. Sasa ni Mei, na hakuna aliyethubutu kuyaondoa.

Shuleni hapo mtu haendi nyumbani bila kuwaomba radhi wanaobaki. Husimama, huinama, husema, "Samahani, nawatangulia." Wanaobaki humjibu, "Pole na kazi," macho yakikimbilia saa ya ukutani. Tangu Februari, kila maneno hayo yaliposemwa, Sanae aliyasikia kwa sauti ya Hizume.

Orla peke yake hakuomba radhi. Alitoka Ayalandi kufundisha Kiingereza.

"Haya jamani, kesho!" alisema, mkoba begani. Akamwinamia Sanae. "Na wewe nenda, bwana. Kwetu muda ukiisha hata mwalimu mkuu anakimbilia basi. Nani kakukataza?"

"Hakuna."

"Basi?"

Sanae akacheka tu. Angemweleza nini? Kwamba kweli hakuna aliyemkataza, na hapo ndipo penye balaa?

Orla alipishana mlangoni na mjane wa Hizume. Mama huyo alivaa ndara ambazo wageni huazimwa mlangoni, zilizomzidi miguu, akabeba boksi la halua ya maharage.

"Mume wangu aliwasumbua sana," alisema, akiinama. "Samahanini."

Hivi kweli yeye ndiye wa kuomba samahani! Naibu mkuu, Mwalimu Numajiri, alilipokea boksi kwa mikono miwili, akamkaribisha kiti na kumwita Sanae.

"Mwalimu Kuzuhara ndiye aliyekaa naye karibu. Muulize tu, mama, usiogope."

Mjane akamgeukia. "Ofisi ya fidia wanataka kujua kama aliamrishwa kwenda mazoezini siku ile. Asubuhi kichwa kilikuwa kinampasua. Aliniahidi atawahi kutoka, apite hospitali. Hakusema lolote, Mwalimu?"

Alisema. Sanae alimwona akisimama, kiganja kimekandamiza jicho, mkoba tayari mkononi. "Samahani, nawatangulia," akasema. Numajiri akauliza, kwa upole kabisa, "Mapema hii? Na wavulana wa mpira wa mikono, nani atawaangalia?" Hizume akauweka mkoba chini. Alianguka katikati ya ukumbi wa michezo, kipenga kingali mdomoni.

"Hapa hatuamrishani, mama," Numajiri alisema. Uso wake mwenyewe ulikuwa wa kijivu kwa kukosa usingizi. "Baada ya saa za kazi, mwalimu anabaki kwa hiari yake. Marehemu alikuwa mtu wa kujitolea. Au siyo, Mwalimu Kuzuhara?"

Walimu wote walikuwepo siku ile, na wote sasa walikuwa wakisahihisha.

"Alisema..." Sanae aliyatazama maua. "Alisema wavulana wanamsubiri."

Na hilo pia lilikuwa kweli. Alijichukia kwa jinsi lilivyokuwa kweli.

"Ndivyo alivyo," mjane alisema taratibu, kana kwamba mumewe yuko chumba cha pili. Kisha akasimama. "Nitakuwa pale langoni kidogo, nasubiri teksi. Ukikumbuka neno, Mwalimu, hata moja."

Ndara zikaburuzika koridoni mpaka zikanyamaza.

Sanae alitazama insha bila kusoma kitu. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, kwamba Hizume alikuwa ameshaaga, na lango halikuwa mbali. Alichukua mkoba wake, akasimama.

"Samahani, nawatangulia."

Kalamu zikasimama. Numajiri hakuinua hata kichwa.

"Mapema hii?" aliuliza, kwa upole uleule. "Na wavulana wa mpira wa mikono, nani atawaangalia?"

Wavulana hao walikuwa wake tangu Aprili, yeye ambaye hajawahi kucheza mpira huo maishani. Alingoja mtu mmoja ashtuke, apige kelele, aangushe hata kikombe. Mwenzake mmoja alifungua daftari jingine. Sanae akauweka mkoba kitini, na alipokuwa tayari koridoni ndipo alipotambua kwamba kiti kile hakikuwa chake, bali cha meza yenye maua.

Kutoka mlango wa ukumbi wa michezo lango lilionekana vizuri. Teksi ilikuwa imefika, mlango wake wazi. Mjane aligeuka akaelekea jengo la shule, akainama mpaka kiunoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akilishukuru kwa kumtunza mumewe. Kisha akaingia garini.

"Tunaomba mafunzo, Mwalimu!" wavulana walipaza sauti, nao wakainama.

Sanae akakitungua kipenga kwenye msumari, akakitia mdomoni. Ulimi wake ulikuta alama za meno ya mtu mwingine. Akapuliza.